Bango la Kumi na Moja

Mimi ndimi niliyeandika muhtasari.
Kama una kosa, ni la mkono wangu,
na kidogo ni la kalamu ya serikali
inayokauka kila linapotajwa neno fedha.

Tulikaa Namasagali, ndani ya ghala la pamba
lililobakiwa na kuta tatu na popo.
Utalii walikuja na viti vya plastiki, vya bluu.
Wizara ya Maji wakaleta vyao, vyeupe.
Makumbusho walisimama: gari lao liliwafia Kamuli,
wakafika viti vimekwisha.
Reli walituma barua.
Wilaya ilinituma mimi.

Ajenda: njia ya maji ya kihistoria,
toka gati hili hadi Bandari ya Masindi,
zilimopita stima, matumbo yamejaa marobota,
zikipiga honi hata ng'ombe wa ng'ambo, Kayunga,
wakajua ni saa ngapi.
Wageni watapiga kasia. Watasoma mabango.
Kila bango litabeba nembo tano,
na hapo asubuhi yetu ikaishia:
ya nani ikae kushoto?

Ramani zilikuwa nne.
Kwenye ya Maji, mto ni bluu na hauna watu.
Ya Utalii ina watu, wote wanacheka.
Ya Makumbusho imeliwa na mchwa
mahali palepale penye gati.
Ya Reli ilikuja na barua: mstari mweusi
unaofika ukingoni, ukasita,
kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

Kawudha, anayevusha watu na baiskeli zao,
alikuwa mlangoni akingoja hela ya mafuta.
Akasema: hapo mnapotia alama ya kumi na moja
si nchi kavu. Ni mafunjo yamelala.
Bwana Byaruhanga wa Utalii akamshukuru.
Nikaandika: mchango umepokelewa.

Jumanne tukasimika.
Ardhi ilinesa kidogo chini ya viatu;
tukasema ni mvua.
Picha ilipigwa mara mbili, kwa sababu ya nembo.

Usiku huo wakafungulia maji huko juu, mabwawani
(watu wa mabwawa hatukuwaalika),
na alfajiri bango halipo.
Lilikuwa limeshika njia ya kaskazini,
limesimama wima juu ya kisiwa chake cha mafunjo,
yangeyange mmoja begani,
likitangaza: HAPA NDIPO STIMA ZILIPOTIA NANGA.
Hapa. Na bonde lililofuata, hapa.
Kila kijiji lilikopita kilisomewa historia yake,
wala sikusikia kilichokataa.

Boti ilikuwa moja, ya Kawudha.
Tukabanana goti kwa goti, bila bluu, bila nyeupe.
Hata Reli safari hii walileta mtu, Okwir,
mwembamba, kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi wa katani.
Wizara ya Maji ndiyo iliyokomba maji botini
kwa kopo la rangi.
Hakuna aliyeuliza ni jukumu la nani.

Tulilikuta mdomoni mwa Kyoga,
limekwama kwenye kitu kisichokuwa mti.
Bi Tibenkana wa Makumbusho akaingiza mkono
chini ya magugu, hadi kwapani,
akanyamaza.
Kisha akasema: ribiti. Zimepangwa.
Okwir naye akauzamisha wake.
Ubavu wa tishari, labda. Labda tangi tu.
Akachora juu ya mgongo wa barua ya ofisi yake
umbo ambalo vidole vilimwambia.

Maazimio.
Moja: bango libaki lilipo, kwa muda.
Mbili: ieleweke "kwa muda" ni nini.
Tatu: watu wa mabwawa waalikwe.
Nne: mchoro wa Bwana Okwir uambatanishwe,
ingawa umelowa.

Mengineyo:
Kawudha anadai lita ishirini za petroli.
Idara zote tano zimekubali kwamba anadai.